Hesabu ya Kambi

Daftari la mraba, ukurasa wa katikati,
ule unaong'oka bila kuacha ushahidi:
unga kilo kumi na mbili,
maharage ya njano, yasiyotesa kuiva,
dagaa, chumvi, viberiti viwili.
Nikafuta viwili nikaandika vinne,
kwa sababu nawajua.

Wiki nzima nimekuwa mdaiwa wa mji.
Hema tatu za parokia, kwa maandishi,
moja ina kiraka cha turubai la msiba.
Sufuria za kamati ya harusi ya Pasua:
"Zirudi bila masizi," alisema mama Aikaeli,
kana kwamba moto wa kuni una adabu.

Fomu za ruhusa zimerudi kumi na tisa.
Baba yake Ndewirwa ametia sahihi penye tarehe.
Mama mmoja ameandika nyuma, wino mwekundu:
*mwanangu hukojoa usiku, usimwambie mtu.*
Sikumwambia mtu.
Nimeongeza mkeka mmoja.

Nne zilizobaki nilizifuata nyumba kwa nyumba,
ila ya Elinihaki ilinifuata yenyewe.
Bibi yake alisimama geti la shule
na mkungu wa ndizi kichwani, hakuutua.
"Elfu tano sina. Huu unatosha?"
Nikasema unazidi.
"Unazidi kiasi gani?"
"Karibu mara mbili, bibi," nikasema, kwa heshima tu.
Akautua. Akabonyeza kidole gumba kwenye fomu,
akakifuta kwenye kanga, akaenda zake,
nami sikujua kwamba nimeuza kitu.

Ijumaa, saa nane, skafu shingoni,
ishirini na watatu, nimewahesabu getini.
Kila mtu na sahani yake, kila mtu na kikombe,
na begi la Elinihaki, kubwa kuliko la mtu wa wiki nzima.

Msitu wa Rau hauna haraka ya kumkaribisha mtu.
Maji yanapita chini ya majani yakinong'ona,
mbega wanatuchungulia kutoka juu
kama wazazi kwenye kikao cha michango.
Tukafunga kamba. Fundo la mraba
likawa fundo la kila mtu na kwao.
Kisha wingu likashuka kutoka mlimani bila taarifa.

Kiberiti cha kwanza kililowa.
Cha pili walikichezea.
Cha tatu kilikuwa mfukoni mwa aliyeteleza mtoni.
Cha nne nilikishika mwenyewe,
mikono ikitetemeka kama ya mwizi,
na ugali ukaiva upande mmoja.
Waliula pande zote.

Saa tatu usiku, filimbi. Wakajipanga.
Tochi ikapita usoni mwao, mmoja mmoja.
Ishirini na wanne.
Nikarudia, nikianzia mkia.
Ishirini na wanne.
Upungufu nimeufanyia mazoezi miaka tisa:
nani wa kumpigia simu, nani ashike mto, nani njia.
Hakuna aliyenifundisha la kufanya
mtoto anapozidi.

Alikuwa mwisho wa mstari, miaka sita labda,
skafu ya kaka yake imemfikia magotini,
mkono umeinuliwa kwa saluti, wa kushoto.
"Unaitwa nani?"
"Ndeonansia."
"Nani kakuleta?"
Akamtazama Elinihaki. Elinihaki akatazama viatu.
"Bibi kasema mwalimu alisema mara mbili."

Walicheka hadi mbega wakahama mti.
Mimi nilitafuta mtandao, nikapanda kisiki,
nikainua simu kama mtu anayeapa.
Bibi alipokea kabla haijaita mara ya pili.
Nilikuwa na maneno: kanuni, fomu, dhamana.
"Amekula?" akauliza.
"Amekula."
"Basi," akasema, akakata, asimalize salio langu.

Ule mkeka wa ziada ulipata mtu.
Asubuhi ulikuwa umelowa,
na wawili walikuwa juu yake,
na sikumwuliza yeyote.

Sasa ni Jumapili, nasugua sufuria kwa jivu.
Masizi hayatoki.